Udongo wa Tumboni mwa Gari la Vita

Kabla hamjasoma, nendeni mkanawe mikono. Sitanii. Naweni kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, chini ya kucha pia, halafu mrudi mkae. Kila msichana mgeni aliyeingia karakana yetu nilimwanzia hapo, na ninyi nawaanzia hapohapo, ninyi wajukuu wangu na wajukuu wa wenzangu mlioko Louisville, mlioko Columbus, na hapa Buffalo. Nawaona mkienda kazini. Simu mkono mmoja, chipsi mkono wa pili, mnatafuna huku mnafanya kazi kama mbuzi.

Mimi ni bibi yake Neema, yule anayesomea unesi. Hilo lijulikane mapema. Shule yangu mimi iliishia darasa la nne kule Fizi, kwa hiyo Neema ananirekebishia herufi. Maneno ni yangu. Akiondoa neno kali, nalirudisha.

Kazi niliyostaafu nayo ilikuwa kushona viti na kukwangua rangi za magari ya vita. Si ya vita vya sasa, Mungu aepushe. Ni ya vita vile vikubwa vya Wazungu, ambavyo hata baba yangu mkubwa alipelekwa, akiwa askari wa Wabelgiji, akatembea kwa miguu kutoka Kongo hadi Abisinia kupigana na Waitaliani. Sisi Wakongo gari la namna hiyo tunaliita blinde. Kiswahili cha redio kinasema gari la deraya. Ni gari la kawaida, lina magurudumu ya mpira kama ya lori, lakini ngozi yake ni chuma kinachozuia risasi. Kuna makubwa na kuna madogo. Mimi nilikuwa mtu wa madogo.

Niliingiaje? Nilipofika nchi hii walinipeleka Louisville, nikapanga viatu kwenye maboksi kule Shively mpaka magoti yakakataa. Nikaenda Columbus kwa binti yangu, tukagombana juu ya sufuria. Nikaja Buffalo kwa kijana wangu, aliyekuwa amepata nyumba Lower West Side. Mtu wa kanisani akasema kuna karakana Tonawanda inayofufua magari ya vita ya zamani, inatafuta mtu anayejua cherehani ya kushona turubai. Nilishona kambini Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, nikaenda. Yule bosi hakuuliza cheti. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, safari ambayo kwangu ni fupi, akamwita fundi wake mkuu, wakanionyesha kigari kimoja cha chuma na kuniambia niingie ndani. Nikaingia mzima, na kofia yangu. Wakaangaliana. Bon, kumbe walikuwa wamechoka kukata mashati yao kwenye vyuma. Ufupi wangu, ambao wifi zangu waliucheka miaka yote, ulinipa kazi Amerika.

Fundi mkuu nitamwita Mzee Nino. Alizaliwa Lower West Side wakati mtaa ule ulikuwa wa Waitaliani, kabla haujawa wetu. Kiingereza changu kilikuwa cha vuta-sukuma-angalia, kwa hiyo alinifundisha kwa mikono, na mambo marefu alitafsiri Jeanine, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili. Jeanine ndiye nitakayewaeleza habari zake hapa. Lakini kwanza kiti.

Kiti cha kwanza nilichopewa nishone kilikuwa cha dereva wa kigari cha Waingereza kinachoitwa Dingo. Kidogo, kimo chake na changu sawa. Nikaona fremu ya kiti imekaa upande, haielekei mbele. Nikasema maskini, vita vimekipinda. Nikakishonea mto mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili ili kinyooke, nikafanya kazi nzuri sana, mshono mara mbili, uzi uliopakwa nta. Nino akaja, akakaa, akacheka mpaka akakohoa. Akanishika bega, akaniingiza kwenye gari jingine lililokuwa bado halijafunguliwa, akaniketisha kwenye kiti cha dereva, halafu kwa vidole viwili akanigeuza kichwa polepole mpaka nikaona nje kwa tundu la nyuma. Shingo haikuuma. Kiti kilikuwa upande kwa makusudi. Dereva alitakiwa aweze kuangalia nyuma.

Jeanine akanitafsiria. Gari hili, Mzee alieleza, halikutengenezwa lipigane. Ndani wanakaa watu wawili na bunduki moja. Kazi yao ilikuwa kutangulia mbele ya wenzao, kuchungulia adui yuko wapi, kusema kwenye redio, na kutoroka. Kwa hiyo lina gia tano za kwenda mbele na gia tano za kurudi nyuma. Likikutana na kifaru kwenye barabara nyembamba halipotezi muda kugeuka, linakimbia kinyumenyume, mbio zilezile. Waitaliani waliteka kadhaa kule jangwani, wakayapenda, wakaenda kwao kutengeneza ya kwao yaliyofanana nayo kama mapacha. Na walikuwa na mengine makubwa zaidi, yenye usukani mbele na usukani wa pili nyuma, madereva wawili wanapeana migongo. Mjomba wake Nino aliendesha mojawapo Libya. Yeye ndiye aliyekaa nyuma. Nino alisema mjomba wake hakuwahi kuona walikokwenda, aliona walikotoka tu.

Nikamwambia aliyekuwa anamkimbiza ni baba yangu mkubwa. Akasema haiwezekani, mjomba alikuwa Libya na baba yangu mkubwa Abisinia, katikati kuna nchi nzima. Nikamjibu kwamba kwetu wanaume wana miguu mirefu, ni mimi tu niliyepunjwa.

Tulicheka. Lakini nilikaa na lile jambo moyoni, kwamba kuna watu walikaa mezani, na kalamu zao, wakachora kiti cha mtu anayekimbia. Siku tuliyotoka Fizi sisi tulikimbia tukiangalia mbele, ziwani. Mume wangu alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Tulipofika majini nikageuka, na mwisho wa mstari alikuwa mtu mwingine.

Tuendelee. Nawapa ufundi kidogo, kwa sababu ufundi hauibiwi.

Rangi ya gari la zamani ni kama kitunguu, maganda juu ya maganda. Unakwangua polepole, kidirisha kidogo tu upana wa kiganja, na unaona maisha yake. Chini kabisa kuna rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Juu yake kijani ya Waingereza, juu yake rangi ya mchanga, halafu ukiona rangi ya mchanga nyingine yenye unjano zaidi, jua Waitaliani waliliteka wakalipaka. Juu yake tena Waingereza. Nimekwangua gari lililotekwa mara mbili. Ndani, mahali pa mguu wa dereva, chuma kilikuwa kimelika na viatu, na sikuweza kujua ni viatu vya upande gani. Mguu unakanyaga palepale.

Huwezi kukwangua rangi hizo zikiwa kavu. Vumbi lake lina sumu ya madini ya risasi, wenyewe wanaita ledi. Haina harufu, haiwashi, inaingia kimyakimya. Zamani, Nino alisema, walisugua kwa mashine, kavu, sigara mdomoni, karakana nzima inakuwa ukungu. Wenzake wa wakati ule hakuna aliyebaki wa kusimulia. Yeye alibaki na kifua kinachopiga mluzi. Kwa hiyo aliweka sheria zake: nyunyiza maji kwanza, kwangua rangi ikiwa imelowa, futa kwa kitambaa, kitambaa kwenye pipa lenye kifuniko. Barakoa ya mpira, si ya karatasi. Nguo za kazi zibaki kazini. Hakuna kula ndani. Na mara mbili kwa mwaka alitupeleka wote tukatolewe damu ipimwe. Wengine walilalamika kuhusu sindano. Mimi sikulalamika. Nilijua mtu akikunyima kitu anakuchukia, lakini akikusumbua anakutunza.

Sasa Jeanine.

Alikuwa mtoto wa Kirundi aliyezaliwa kambini Tanzania, hajawahi kuiona Burundi hata siku moja. Kiswahili chake kisafi, changu akikisikia anatabasamu kwa adabu. Aliniita Mama na mimi nilimwita mwanangu, na hatukuwa tunatania. Mkono wake kwenye turubai ulikuwa mzuri kuliko wangu, nawaambia bila wivu, au na wivu kidogo. Mume wake alifanya kazi kwenye ghala moja, watu wazuri, wapole. Walikosa kitu kimoja. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla sijamjua. Aliposhika ya tatu aliniambia mimi kabla ya mama mkwe wake. Aliniambia huku anapima mto wa kiti, hakuinua macho, kama vile mtoto angesikia akaondoka.

Nikamwambia aende akamweleze Nino. Alikwenda akidhani atafukuzwa. Nino alisikiliza, akachukua chaki, akapiga magoti na magoti yake yale mabovu, akachora mstari sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Upande huu cherehani, upande ule magari. Akasema Jeanine asiuvuke mpaka ajifungue. Tulimpelekea kazi sisi. Akisahau akiweka mguu kwenye chaki, watu wazima wanaume walipiga kelele kama wameona nyoka.

Na mstari ule ulifanya kazi yake. Tatizo halikupita kwa miguu.

Likaja Dingo moja ndani ya kontena, kutoka jangwa la Libya kwa kupitia mikono ya watu wengi. Lilikuwa mojawapo ya yale yaliyotekwa. Mnunuzi alikuwa mtu wa jumba moja la makumbusho kule Louisville. Mimi na Nino tulilala chini yake, tukafungua bamba la chuma lililofunika tumbo, na udongo ukatuangukia kifuani. Ulikuwa umebanwa mle tangu vita. Mtu alipita kwenye matope, yakapanda humo, yakakauka, yakakaa. Mabonge ya manjano yenye wekundu, laini, yanavunjika kama biskuti. Nino, kwa sheria zake, akanyunyizia maji ili vumbi litulie.

Mnajua harufu hiyo. Au ninyi mliozaliwa hapa hamuijui, maana mvua ya Buffalo hainuki kitu. Ni ile mvua ya kwanza ikigusa vumbi baada ya kiangazi. Karakana nzima ilinuka nyumbani. Nililala chini ya lile gari nikashindwa kutoka, nikasingizia mgongo. Nilipojikokota nje, nikaona Jeanine amesimama kwenye mstari wa chaki, vidole vya viatu vimegusa chaki, amefumba macho.

Mnunuzi wa Louisville alisikia habari za ule udongo akautaka, auweke kwenye kioo pamoja na gari, watu waone ardhi ya vita. Nino akachagua mabonge mazuri, akayajaza kwenye chupa kubwa iliyokuwa ya achari, akafunga kifuniko. Akaiweka kwenye rafu upande wa cherehani, kwa sababu ndio upande safi. Hapo hakuna wa kumlaumu. Alijua sumu ni rangi. Udongo kwake ulikuwa udongo.

Muda si mrefu Jeanine akaanza kuumwa. Tumbo linamkata, kichwa, choo hakipatikani, tukasema mimba. Akaanza kusahau. Msichana yule ambaye hakupindisha mshono, alinishonea mfuko bila mdomo. Hospitali wakapima damu, wakampigia simu haraka. Ilikuwa ledi, nyingi.

Wakaja watu wa serikali nyumbani kwake, Lower West Side, zile nyumba za mbao za zamani. Wakapima kuta, wakapima bomba, wakakuta dirisha moja lina rangi mbovu, kila mtu akapumua. Ni dirisha. Mwenye nyumba akapaka upya akinung'unika, kitanda kikahamishwa. Walipopima damu tena, ilikuwa imepanda. Wakaja karakana. Wakapima upande wa cherehani, wakafuta meza na sakafu, pasafi. Nino akatupeleka wote kupimwa, na damu yangu mimi, mimi ninayelala chini ya magari, ilikuwa na sumu ndogo kuliko ya Jeanine anayekaa mbali. Nino hakuelewa. Aliufuta mstari wa chaki, akauchora tena hatua kadhaa mbali zaidi. Ndicho kitu alichoweza kufanya. Jeanine alikuwa amefika miezi mitano, zile mimba mbili za kwanza hazikuwa zimevuka minne, na kila asubuhi aliingia ameshika tumbo kwa chini, kama mtu anayebeba maji kwenye bakuli.

Siku moja Nino akashusha chupa yake ya udongo aifute vumbi, akaishika juu kwenye mwanga. Ilikuwa imepungua. Si kidogo, ilibaki kama nusu. Akamuuliza kila mtu. Akasema panya, halafu mwenyewe akasema panya hafungui kifuniko na kukifunga. Halafu akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimepanda lengalenga, mchicha wetu, kwenye ndoo nyuma ya karakana. Akatoka kwenda kuzichungulia ndoo zangu, akarudi na jani moja mkononi kama ushahidi, akauliza ni mtu wa namna gani duniani anayeiba udongo. Wanaume wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikageuka kwa Jeanine anitafsirie yaliyobaki.

Hakutafsiri. Alikuwa ameinamia cherehani, mguu uko kwenye pedali na mashine haiendi.

Kicheko kilinikauka hapo hapo. Mtu wa namna gani anayeiba udongo? Sisi wote tunamjua. Mama yangu alikula wa kichuguu. Mimi niliwabeba watoto watano na kila mmoja nilimlia udongo wake, nikiwa na mimba ya babake Neema nilikwangua ukuta wa jikoni mpaka mama mkwe akauliza kama nataka kuhama. Hapa Buffalo unauzwa kwenye duka la vyakula vya kwetu, vipande vigumu kwenye kifuko cha nailoni, karibu na dagaa.

Nilisubiri Nino atoke. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na Jeanine magoti yetu yakagusana.

"Mfuko wa aproni," nikamwambia. "Toa."

Akatoa. Ulikuwa umefungwa kwenye karatasi laini ya chooni, vipande kama punje za mahindi, na kimoja kilikuwa na alama ya jino.

"Ni kidogo tu, Mama," alisema. "Wa dukani uliisha. Na huu ni msafi, Mzee mwenyewe ameufunga kwenye chupa. Unanuka kwetu."

"Kwenu wapi? Umezaliwa kwenye hema."

Lilikuwa neno baya na nimeliacha kama lilivyotoka. Hakukasirika. Alisema kwa hiyo hajawahi kunusa penyewe, na pale chini ya lile gari ndipo palipokuwa karibu zaidi. Nikamweleza lile gari limekaa na rangi yake inadondoka humo tumboni, betri yake ya kale imevujia humo, kila bonge lina unga wa sumu ambao jicho halioni. Nilimwona anavyoelewa. Uso ulishuka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Halafu akasema kitu ambacho nilikitarajia, kwa sababu ndicho tunachokiogopa wote katika nchi hii kuliko njaa.

"Nikiwaambia watasema huyu mama anakula uchafu. Watamchukua mtoto."

"Wakimchukua akiwa hai tutamfuata," nikasema. "Akifa tutamfuata wapi?"

Tulienda siku hiyohiyo, na nguo za kazi. Pale hospitali Jeanine, anayejua Kiingereza, alikosa Kiingereza. Akakaa kama mtoto wa shule. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alikwisha kumuuliza kuhusu mabomba, madirisha, vyombo vya kupikia, wanja wa macho. Udongo hakuwahi kuuliza, angejuaje? Wakapiga simu ya mkalimani, ikawekwa mezani, sauti ya mama mmoja, Mkenya kwa kusikia. Basi nikaisogelea ile simu mimi.

"Mwambie daktari anakula udongo. Wa kazini, wa ndani ya gari la zamani lenye rangi mbovu. Anakula kwa sababu ana mimba."

Yule mama akasema kwa Kiswahili, taratibu, kabla ya kumgeukia daktari:

"Mwambieni asione aibu. Hata mimi nilikula."

Hapo ndipo Jeanine alipolia. Daktari hakucheka na hakukunja pua. Alieleza kwamba sumu hiyo ikiingia mwilini inajificha ndani ya mifupa, inakaa miaka. Mtoto anapojenga mifupa yake tumboni anachota kwenye ya mama, na anachota yote, nzuri na mbaya. Akampa vidonge vya chuma, maziwa, vidonge vya chokaa vya kujenga mifupa, na kumwambia arudi kila wiki. Nikamuuliza kama kuna dawa ya kuitoa. Mkalimani alitafsiri jibu polepole. Kwa mimba kama yake, alisema, cha maana zaidi ni kuacha na kungoja. Nilikaa pale nikawaza lile Dingo na gia zake tano za nyuma. Chuma kina gia za kurudi nyuma. Tumbo halina.

Karakana nilikwenda kumwambia Nino mimi mwenyewe, bila mtafsiri. Nikashusha ile chupa. Nikaonyesha udongo, nikaonyesha mdomo, nikaonyesha tumbo, halafu cherehani ya Jeanine. Alipoelewa, akakaa kwenye kile kiti cha dereva nilichokuwa nakishona, kilichokaa upande, kwa hiyo akawa ameelekea ukuta, na akabaki hivyo. Baadaye alisema, kwa maneno machache machache ili nielewe, kwamba bibi yake aliyetoka Sisilia alikuwa akilamba chokaa ya ukuta kila alipobeba mimba, na nyumbani walimcheka. Alikuwa ameisahau habari hiyo. Akayeyusha nta akaziba ile chupa, akabandika picha ya fuvu la kichwa kwenye kifuniko. Tangu siku hiyo udongo wote wa magari uliingia kwenye pipa la chuma lenye kufuli, na msichana mgeni akija, baada ya kunawa mikono, niliagizwa nimwulize kwa Kiswahili, pembeni, kama anakula udongo. Wengi walicheka. Watatu walinyamaza.

Mtoto alikuja kabla ya wakati, barafu bado iko barabarani. Mdogo kama mkate. Alikaa ndani ya kisanduku cha kioo na mirija, na Jeanine akakaa nje ya kisanduku. Lakini alikuja akiwa hai, na hakuna aliyemchukua. Wakamwita Kezia. Nino alimtengenezea kitanda cha chuma kizito mno, watu wanne walikibeba.

Kezia sasa ana miaka minne. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea. Maneno bado. Anakushika kidole akakupeleka kwenye kitu anachotaka. Kuna mwalimu maalumu anayekuja kumfundisha kutoa sauti. Daktari hawezi kusema kama ni ule udongo au ni kuzaliwa mapema, na mimi siwezi kusema. Jeanine peke yake ndiye anayesema, na hakuna anayeweza kumwambia amekosea. Walihamia Columbus kwa dada yake. Hashoni tena. Nikimpigia simu anaiweka kwenye sikio la mtoto, nasikia pumzi, nazungumza na pumzi.

Nino amekufa. Kifua. Tulimzika na koti lake la kazi likiwa limefuliwa mara nyingi, nililifua mimi.

Donc, wasichana wangu, hamu ikiwashika, msije mkaona aibu mkajificha na punje mfukoni. Hamu si dhambi wala ushamba. Semeni. Semeni kwa daktari, na akikosa kuuliza, mwambieni hivyohivyo. Wa dukani pia msiuamini kwa sababu uko kwenye kifuko kizuri. Na ninyi vijana wa kiume msicheke, nguo zenu za kazini mnazitupa kwenye kochi analotambaa mtoto.

Mwaka huu mjukuu wangu Josué amemaliza sekondari Louisville, kwa alama ambazo sitazitaja nisije nikaitwa mringaji, lakini ni kubwa. Nikasafiri. Akanipeleka makumbusho, nikaone kazi yangu. Lile Dingo lipo, rangi ya mchanga, safi kuliko siku lilipotoka kiwandani. Nikainama nikachungulia kiti. Kimekaa upande, sawasawa, mshono mara mbili, ule wa kulia ni wa Jeanine. Kando yake kuna kabati la kioo, na ndani yake ile chupa ya achari yenye nta, fuvu wamelibandua. Watu wanapiga picha. Josué akanisomea kibandiko, kinasema huu ni udongo wa jangwa walikopigana Waingereza na wenzao dhidi ya Waitaliani. Basi, kimeishia hapo.

Mtoto ana macho. Akaisogelea, akaiangalia kutoka pembeni, akaniuliza kwa Kiingereza, nami nikamtaka aulize vizuri, kwa Kiswahili.

"Bibi, mbona chupa iko nusu?"

"Nusu nyingine iko Columbus," nikamwambia. "Inajifunza kuongea."